Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Nairobi: Kwaresima imekwisha, turuhusuni tuulize

Kwa Maaskofu, Mapadre, Wachungaji, Makasisi, Mashemasi, Wazee wa Kanisa, Mitume na Manabii mnaohudumu katika jiji la Nairobi,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. (Nimeanza na zote mbili ili asitokee mtu akasema barua hii ni ya jirani.)

Kristo amefufuka, na poleni kwa kazi. Tumewaona wiki iliyopita. Alhamisi Kuu mliinama mkaosha miguu. Ijumaa Kuu mliongoza Njia ya Msalaba juani, katikati ya matatu na bodaboda, sauti zikiwakauka. Jumamosi mlikesha, na Jumapili mkasimamia ibada tangu alfajiri hadi mchana. Na nyinyi ambao kwenu Kwaresima haiko kwenye kalenda, mlitangulia kufunga mwezi wa Januari, kwa hiyo barua inawahusu vilevile.

Kwa siku arobaini mlitufundisha kuacha. Tuliacha nyama, tukaacha sukari kwenye chai, wengine wakaacha bia, wengine wakajaribu kuacha simu wakashindwa siku ya tatu. Jumapili ya Pasaka foleni za nyama pale soko la Burma zilionyesha wazi nani aliacha nini na alirudi kwa hamu kiasi gani. Hilo halinikoseshi usingizi. Ninaloliandikia ni jambo ambalo hatukuwahi kulitaja katika sala za toba mwaka huu, na ambalo ningependa lisirudi mezani pamoja na nyama: ile imani kwamba kiongozi wa kanisa haulizwi.

Mimi ni muumini wa kawaida wa Eastlands. Nimekaa kwenye kamati, nimepika kwenye harambee, nimebeba viti vya plastiki kutoka lori hadi hemani, nimezika na kufariji. Sikusomea thiolojia. Lakini ukikaa jikoni mwa kanisa muda wa kutosha unajua chakula kimeungua hata kama hukukipika.

Kabla ya Jumatano ya Majivu, kanisa moja ninalolijua vizuri lilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka. Mweka hazina alisoma hesabu mbiombio. Umeme, maji, mshahara wa mlinzi na wa karani, mafuta ya gari, kukodi mahema. Kisha akasoma "matumizi mengineyo", na fungu hilo lilikuwa kubwa kuliko umeme, maji na mishahara vikijumlishwa. Kijana mmoja, mhasibu kwa kazi yake, akanyoosha mkono. Akasema kwa adabu, "Naomba tufafanuliwe hayo mengineyo ni yapi." Ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akamtazama kiongozi wetu, na kiongozi akatazama saa yake. Jibu likatoka: "Kijana, hapa ni nyumbani mwa Mungu, si bungeni." Watu wakacheka kidogo, lile cheko la kumsitiri mkubwa. Tukafunga kwa sala. Wiki chache baadaye kijana hakuwa tena kwenye ratiba ya wasomaji wa Neno. Hakuna aliyemfukuza. Jina lake halikuandikwa tu.

Cha kusikitisha ni kwamba sidhani fedha zile ziliibwa. Nawajua waliozishika. Nina hakika sehemu yake ilikwenda kwenye chakula cha wageni, sehemu kwenye mafuta ya gari la kubeba wagonjwa, sehemu kwenye bili za hospitali zilizolipwa kimyakimya ili mwenye shida asiaibike. Maelezo ya dakika tano yangetosha. Kijana angeketi, mkutano ungeendelea, na kanisa lingebaki na mhasibu anayefanya kazi bure. Sasa limebaki na uvumi. Na uvumi wa Nairobi hauna breki: kufikia jioni ulikuwa umeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya majumuiya yote, na kila ulipopita uliongezwa sifuri.

Najua andiko linalotolewa mtu akiuliza sana. Limebandikwa kwenye vioo vya magari na limehubiriwa kwenye mikutano ya hadhara: msiwaguse masihi wangu, yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Ni Zaburi ya 105, mstari wa 15. Naomba tuisome pamoja, tena tuanzie nyuma kidogo, mstari wa 12. Zaburi inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni katika nchi isiyo yao, wakihama kutoka taifa hadi taifa bila jeshi wala hati ya shamba. Mungu ndiye aliyewakemea wafalme kwa ajili yao. Anayeonywa pale ni mfalme mwenye nguvu asimdhulumu msafiri asiye na mtetezi. Leo mwenye kipaza sauti, gari na walinzi wa itifaki ndiye analisoma, na anayesomewa ni mama muuza mboga aliyeuliza pesa za paa zilikwenda wapi. Mimi nikitafuta mtu anayefanana na wale wasafiri ndani ya kanisa letu, namwona yule mama.

Kuna na lile la Daudi kukataa kumnyooshea Sauli mkono. Hili nalo tunaambiwa nusu. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 24: Daudi alikuwa pangoni En-gedi, Sauli akaingia, Daudi akakata upindo wa vazi lake akamwacha aende. Hapo ndipo wahubiri wengi huishia. Lakini Daudi alitoka pangoni, akamwita kwa sauti, akasujudu hadi chini, akamwita bwana wangu mfalme, kisha akamuuliza. Kwa nini unasikiliza maneno ya watu wanaosema nataka kukudhuru? Unamfuata nani? Alimheshimu na akamuuliza, papo hapo, mbele ya watu wa pande zote mbili. Naye Sauli, pamoja na ubaya wake wote, alilia na kukiri kwamba Daudi alikuwa na haki kuliko yeye. Hakumwambia hapa si bungeni.

Nathani alimwendea Daudi mwenyewe baadaye, Daudi akiwa ndiye mpakwa mafuta, na habari ya Uria ikawekwa mezani. Paulo aliandika bila kumung'unya kwamba alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia. Biblia mnayotusomea imejaa watu waliowauliza wapakwa mafuta, na wengi wao tunawaita watakatifu.

Sasa niseme la kadi, maana hili ndilo lililonisukuma kuandika.

Makanisa mengi hapa mjini yana kadi za zaka au za mchango. Sipingi kadi. Umeme unalipwa, katekista anakula, na kanisa lisilojitegemea litapigia magoti kila mwenye pesa. Lakini nilikuwapo kwenye ofisi moja kijana alipokuja kuomba ibada ya mazishi ya mama yake. Alikuwa ametoka hifadhi ya maiti moja kwa moja, viatu vina vumbi, mkononi ana bahasha ya kaki. Karani akaomba kadi ya marehemu. Kijana akaitoa, imekunjwa mara mbili, ya kijani. Kila mwezi una kisanduku, na kila kisanduku kilicholipiwa kina muhuri wa zambarau. Karani akapitisha kidole. Miaka yote ya nyuma ilikuwa imejaa mihuri bila kukosa mwezi. Halafu, kuanzia mwezi fulani, visanduku ni vyeupe hadi mwisho. "Hapa kuna malimbikizo," akasema.

Mwezi ule wa kwanza mweupe ndio mwezi mama yule alilazwa kwa mara ya kwanza.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifuata maagizo, na maagizo yalikuwa yamebandikwa ukutani nyuma yake yakiwa na sahihi. Kijana alichangiwa pale pale na akina mama waliokuwa wakisubiri cheti cha ubatizo, malimbikizo yakalipwa, mihuri ikagongwa juu ya miezi ya kuugua, na mama akazikwa kwa heshima zote. Mahubiri ya siku hiyo yalimsifu kuwa nguzo ya jumuiya. Nilitaka kuuliza: katika miezi yote hiyo ya visanduku vyeupe, kuna mtu aliyeiona kadi ikinyamaza akafikiri huyu mama ana nini? Tuna daftari linalotuambia nani hajalipa, na daftari hilohilo lingeweza kutuambia nani anaumwa, nani amefutwa kazi, nani anahitaji kutembelewa. Tulilisoma upande mmoja. Sikuuliza kwa sauti ofisini siku ile kwa sababu kulikuwa na msiba. Nauliza sasa.

Msinielewe vibaya, sidai kwamba kanisa la Nairobi halijui kuuliza wala kuulizwa. Linajua, na ndiyo maana inauma. Wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, pale kona tuliyokuja kuiita Freedom Corner, pamoja na Wangari Maathai, wakiwa na swali moja kwa serikali: watoto wetu wanafungiwa nini? Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Tarehe hiyo ilikuwa Jumanne. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Akina mama wale waliingia Kwaresima wakiwa katika kanisa kuu la All Saints, ng'ambo tu ya bustani, ambako Provosti Peter Njenga aliwapokea. Walikaa chini ya kanisa lile karibu mwaka mzima. Fikirieni usumbufu wake. Polisi nje, magodoro ndani, ibada za Jumapili juu ya vichwa vyao, na bila shaka wazee wa kanisa wakilalamika kuhusu bili ya maji. Kanisa lilikubali kuwa nyumba ya watu wenye swali, na swali lile lilifungua milango ya jela.

Kanisa hilohilo lilivamiwa na askari tarehe 7 Julai 1997, waliokuwa wakidai mageuzi wakapigwa ndani ya nyumba ya ibada. Askofu Alexander Muge alitishwa na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Akaenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirudi. Okullu, Gitari, Njoya, Ndingi Mwana a'Nzeki, viongozi wa kanisa walioikosoa serikali enzi zile: majina haya ndiyo mtaji ambao nyinyi mlirithi. Mkisimama leo mkasema "kanisa linasema", watu wananyamaza kusikiliza kwa sababu ya wale waliouliza wakiwa na kitu cha kupoteza. Mtaji huo unaliwa kidogo kidogo, na sioni ukirudishiwa.

Nawapa haki yenu pia. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari katika makanisa ya Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais na Gavana katika kanisa la Soweto, Kayole, akaagiza yarudishwe. Siku ile nilijivuna kuitwa Mkristo wa Nairobi, ingawa si parokia yangu. Lakini tukumbuke nani alianza. Juni 2024 vijana wetu, walewale tunaosema hawana dini, ndio waliotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na miongoni mwa mambo waliyoyauliza kwa sauti ni kwa nini wanasiasa wanaketishwa mbele ya madhabahu huku bahasha zikihesabiwa. Waliuliza kwa ukali, wengine kwa matusi, sikatai. Lakini swali lilikuwa letu. Tulipaswa kuwa tumeliuliza sisi, watu wa kamati, miaka kumi nyuma, wakati tulipokuwa tunahangaika kutafuta kitambaa cha meza ya mgeni wa heshima.

Na agizo likishatolewa juu, huku chini mbinu hazikosekani. Mheshimiwa hapewi kipaza sauti ndani. Anasubiriwa nje penye hema, sala ya mwisho ikiisha anapewa. Bahasha haitajwi, inatajwa "rafiki wa kanisa ambaye hataki jina lake lisemwe", na jina lake linasemwa. Mnajua na tunajua.

Kuna mahali ambapo neno "mtumishi haulizwi" lilifika mwisho wake. Ni Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao waumini wa mhubiri mmoja waliofunga hadi kufa. Msiniambie wale walikuwa dhehebu potovu na sisi ni kanisa halisi. Najua tofauti. Ninachosema ni kwamba wale watu hawakuanza kwa kukubali kufa njaa. Walianza kwa kukubali kwamba kuuliza ni dhambi, wakaishi na hilo muda mrefu, na mengine yote yakaja juu yake. Nikisikia mahubiri ya utii yasiyotaja hata mara moja mipaka ya utii, mwili unanisisimka, hata yakihubiriwa kwenye kanisa lenye mabenchi ya mvule na kinanda.

Baada ya Shakahola serikali iliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na mjadala wa kudhibiti makanisa umerudi. Wengi wenu mnaupinga. Nami naogopa pia. Serikali ikianza kuidhinisha mahubiri hatutajua itaishia wapi, na Kifungu cha 32 cha Katiba kinatupa uhuru wa kuabudu kwa sababu nzuri. Mwaka 2016 kanuni za Mwanasheria Mkuu za kudhibiti makanisa zilizimwa baada ya makanisa kusimama pamoja. Lakini nguvu ya kumwambia waziri "tuachie, tunajisimamia" inatoka wapi, kama ndani ya nyumba hakuna anayeruhusiwa kuona vitabu? Asiyetaka kuulizwa na waumini wake anamkaribisha msajili aje amuulize.

Nimesema sana juu yenu. Niseme kidogo kwa ajili yenu. Najua padre anayepigiwa simu usiku wa manane aende Hospitali ya Kenyatta kumpaka mgonjwa mafuta, na asubuhi ana misa. Najua mchungaji wa kanisa la mabati anayelipa karo ya watoto wasio wake kutoka kwenye mshahara unaochelewa. Na najua mnachokiogopa, kwa sababu nimekiona kikitokea: kiongozi anajibu kwa unyoofu, neno lake linarekodiwa, linakatwa, linasambazwa nusu, na mwezi unaofuata anaitwa na wakubwa zake ajieleze. Wengine wenu mmenyamaza kwa sababu mara ya mwisho mliposema mliumizwa, na waumini tulikuwa wa kwanza kuchukua mawe. Sisi nasi tunaojiita waulizaji, wengi tunauliza ili tumwangushe mtu, tumpandishe wetu. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati katika mtaa wangu una kampeni kali kuliko ya MCA, mwakilishi wa wadi.

Pamoja na hayo yote, nawaomba muisome upya wiki hii ya Pasaka jinsi alivyofanya Bwana mwenyewe. Jumapili ijayo tutasoma habari za Tomaso. Kila mwaka mahubiri yanamgeuza kuwa onyo: msiwe kama Tomaso. Nimeisoma Yohana sura ya 20 mara nyingi na sioni Yesu akikasirika kwanza. Naona mitume waliojifungia ndani kwa hofu, na Tomaso hakuwa hata pamoja nao. Naona mtu mmoja aliyesema wazi kile anachohitaji ili aamini. Na naona Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote ya kusema "hapa si bungeni", akirudi baada ya siku nane kwa ajili ya yule mmoja aliyeuliza, akifungua mikono yake na kumwonyesha majeraha. Alijibu kwanza. Neno la heri kwa wasioona lilikuja baada ya jibu. Yule muulizaji ndiye aliyetoa ungamo ambalo hakuna mwingine katika Injili ile alilitamka hivyo: Bwana wangu na Mungu wangu.

Sura inayofuata, kiongozi ndiye anaulizwa. Petro, ambaye mnasema mnaketi kitini pake au mnafuata nyayo zake, anaulizwa mara tatu mbele ya wenzake, kando ya moto wa makaa, kama ule aliokuwa akiota alipomkana Bwana wake. Mara ya tatu alihuzunika. Imeandikwa hivyo, alihuzunika. Kuulizwa kunauma, hata anayeuliza akiwa ni Yesu na hata amekwisha kukuandalia samaki na mkate. Lakini baada ya kila jibu alikabidhiwa kondoo. Hakukabidhiwa kabla ya kujibu.

Kwa hiyo naomba mambo ya kawaida kabisa, ambayo hayahitaji sinodi.

Hesabu za robo mwaka zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na yale "matumizi mengineyo" yafunguliwe, yaandikwe ni nini. Palipo na siri ya mtu, kama bili ya hospitali, iandikwe "msaada kwa wagonjwa" na kiasi, jina liachwe. Hakuna atakayelalamika. Zile namba za paybill za kuchangia ujenzi kwa simu, ambazo huwa zinarushwa kwenye skrini kila Jumapili, ziwe na mtu mmoja wa nje ya ofisi anayesoma taarifa yake na kusema mbele ya kanisa kimeingia kiasi gani.

Kadi ya mgonjwa, ya aliyefiwa na ya aliyepoteza kazi isihesabiwe malimbikizo. Ikipita miezi mitatu mtu hajagonga muhuri, mwenyekiti wa jumuiya atumwe nyumbani kwake na unga, asitumwe na orodha. Na lile zoezi la kusoma majina ya waliochangia, kuanzia mwenye elfu hamsini hadi mwenye hamsini, liishe. Aliyetoa hamsini anajijua. Kuna akina mama wanaokaa nyumbani Jumapili hiyo ili wasisomwe.

Vijana wapewe kiti kwenye kamati ya fedha, tena kiti cha kura. Mmezoea kuwapa kuongoza sifa, kupanga viti na kuendesha kamera. Wale vijana wanafanya kazi benki, wanakagua hesabu za mashirika makubwa Upper Hill, halafu kanisani wanaambiwa wasubiri wakue. Akina mama, ambao ndio wengi kwenye kila benchi la jiji hili, nao wasiishie kamati ya chakula.

Jirani akija kulalamika kuhusu spika za kesha, msimwite adui wa injili kabla hamjamuuliza mtoto wake analala saa ngapi. Hili ni dogo, nalipita.

Na yule kijana mhasibu. Nilimtafuta. Bado anakuja ibadani, anaketi nyuma karibu na mlango, na anatoka sadaka ikishakusanywa. Hajaenda kanisa jingine, ingawa amealikwa na makanisa matatu. Niliponung'unika kwa niaba yake alicheka, akaniambia hana kinyongo ila bado hajajua yale mengineyo ni yapi. Kiongozi wetu ana namba yake ya simu. Kutoka Pasaka hadi Pentekoste ni siku hamsini, na mkutano wa nusu mwaka ni baada ya hapo, kwa hiyo nafasi ipo. Ampigie, amwite, wakae na daftari wao wawili na chai, waanze na Januari.

Wenu katika Kristo Mfufuka,

Muumini na mama wa kamati,
Eastlands, Nairobi